Usipige Windows

Mtu yule alikuwa ghorofa ya nne, mkoba mgongoni, na ngazi zilikuwa zimemwishia.

Shangazi alisimama hatua tatu nyuma yake. Glock 19 mkononi, pumzi imetulia.

"Weka mkoba chini. Taratibu."

Hakuweka taratibu. Aliutupa nje ya dirisha, kisha akaufuata mwenyewe. Labda alidhani kuna paa la kumpokea.

Hakukuwa na paa.

Shangazi alishuka kwa ngazi, kama watu wenye akili zao. Uani alimruka marehemu, akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na laptop moja, ThinkPad nyeusi, kona imebonyea. Akabonyeza redio yake ya Motorola.

"Mjomba, hapa Shangazi. Mbebaji amekufa. Laptop ninayo."

"Inawaka?"

"Sijajaribu."

"Usijaribu. Usiwashe, usichaji, na usimruhusu mtu yeyote apige Windows mpya, yaani aweke mfumo upya na kufuta vilivyomo."

Hakuwa shangazi wa mtu. Ofisini walimpa jina hilo kwa sababu kila nyumba aliyoingia bila taarifa ilibaki na mtu wa kulia. Mjomba ndiye aliyekuwa mkubwa wake wa kazi, na wala hakuwa na huruma za mjomba.

Ndani ya laptop ile mlikuwa na orodha. Jamaa mmoja aitwaye Mfamasia, ambaye hakuwahi kusomea dawa hata siku moja, alikuwa ameingiza nchini makreti ya dripu bandia kutoka kwa wenzake wa ng'ambo. Chupa safi, lebo safi, ndani maji ya mtaro. Makreti yalikuwa yameshafika hospitali ishirini na moja. Hospitali zipi, na chupa zenye namba gani, ni orodha tu iliyojua. Jana watu wawili walikufa wakiwa na sindano ya dripu mkononi, ikatangazwa kwenye habari, chanzo hakijulikani.

"Kwa nini tusizuie dripu zote?" Shangazi aliuliza.

"Ukizuia zote utaua wengi kuliko yeye. Nataka namba."

"Mafundi wetu?"

"Wanataka fomu tatu na sahihi mbili. Halafu watapiga Windows. Mwezi uliopita walifuta ushahidi wa kesi nzima, wakaniletea mashine inang'aa, wakaomba pongezi. Tafuta fundi wa mtaani. Una mpaka saa tano."

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi.

Fundi aliyesifiwa na watu wawili mfululizo alikuwa na chumba kimoja mwishoni mwa ujia wa maduka ya simu. Mlangoni pameandikwa kwa rangi nyekundu: HATUPIGI WINDOWS KABLA YA KUNAKILI. Fundi mwenyewe alikuwa anafunga kufuli.

"Dada, samahani, leo nimefunga. Mke wangu yuko leba tangu alfajiri. Mtoto wa kwanza."

"Hongera. Fungua."

"Nimekwambia mke wangu..."

Shangazi alifungua koti kidogo. Fundi aliiona bastola, akafungua kufuli.

"Simu yako."

"Dada, mama mkwe ananipigia kila baada ya dakika kumi."

"Nitampokea mimi. Simu."

Aliitia mfukoni, akavuta kiti, akakaa mgongo ukutani, macho mlangoni. Fundi alivaa miwani. Mara tu alipoiona laptop, hofu ilimpungua. Kuna watu wako hivyo, mpe kazi yake na atasahau kuwa ametekwa.

Hakugusa kitufe cha kuwasha. Aliigeuza, akafungua skrubu moja moja, akazipanga kwenye sahani. Akachomoa diski, akaitikisa sikioni kwa upole.

"Imeanguka?"

"Ghorofa ya nne."

"Masikini." Alikuwa anaiambia diski.

Aliichomeka kwenye kompyuta yake kupitia kifaa kinachoruhusu kusoma bila kuandika. Diski ilinguruma, ikagonga mara mbili, ikanguruma tena. Fundi alitazama skrini, akacheka peke yake.

"Kuna mtu alikuwa anapiga Windows mpya, akakatiza katikati. Ndiyo maana isingewaka hata kama haijaanguka."

"Basi vimefutika."

"Wapi! Watu wakipiga Windows wanadhani wamechoma nyumba, kumbe wamepaka rangi sebule tu. Upande wa D hakuugusa. Vitu viko palepale. Lakini kichwa cha diski kimeumia, tunaweza kupata nafasi moja tu ya kuisoma. Nanakili kwanza, tutafungua nakala."

"Muda gani?"

"Dakika arobaini na tano. Na mkono wangu usitoke hapa. Ikigonga nasimamisha, naipumzisha, naendelea. Nikichelewa sekunde, inajikwangua yenyewe."

"Kwa nini usifungue moja kwa moja?"

Fundi hakugeuka. "Nilimfutia mzee mmoja picha zote za marehemu mkewe. Kwa haraka hizo hizo. Alikuja hapa kila Ijumaa, miezi sita, kuuliza kama zimerudi. Tangu hapo sigusi diski ya mtu kabla ya kunakili."

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Shangazi. Ujumbe kutoka kwa Mama Mkwe.

*Mwanangu uko wapi? Wamemtundikia dripu. Anatetemeka mwili mzima.*

Shangazi aliusoma mara mbili. Akatazama mikono ya fundi. Ilikuwa imetulia kabisa, kidole kimoja juu ya kitufe, kinasubiri diski igonge.

Akairudisha simu mfukoni.

"Wamesemaje?" fundi aliuliza.

"Anakusalimu."

Saa nne kasoro tano, mwanamume mmoja alichungulia mlangoni. Shati limepigwa pasi, viatu vya mpira.

"Habari za kazi. Nataka chaja ya HP."

"Ya pini nyembamba au nene?" fundi aliuliza bila kugeuka.

Mwanamume alisita. Mtu anayetafuta chaja hujua pini yake, au huja na laptop, au huja na chaja iliyokufa. Huyu alikuja mikono mitupu, na macho yake yalikuwa yameshaitambua ThinkPad.

Mkono wake ulikwenda kiunoni. Shangazi aliudaka katikati ya njia, akauvunja kifundo, akamlaza kifudifudi juu ya meza ya pili. Kisha akachukua chuma cha kulehemu nyaya, kilichokuwa kimeachwa kimewashwa.

"Fundi, angalia diski yako."

Fundi aliangalia diski yake.

"Mfamasia yuko wapi?"

"Simjui."

Kulikuwa na mlio kama wa kitunguu kwenye mafuta. Yule mtu alilia kwa sauti nyembamba ambayo hata yeye hakujua anayo.

"Nina mikono yako miwili na saa nzima," Shangazi alisema. "Yuko wapi?"

"Uwanja wa ndege! Sebule ya wakubwa! Ndege ya saa tano!"

"Ahsante."

Alimpiga kisogoni kwa kitako cha bastola, akamsukuma chini ya meza, akampigia Mjomba.

"Uwanja wa ndege. Sebule ya wakubwa."

"Vijana wanakwenda, watafika saa nne na nusu. Sasa nisikilize. Mpaka atiwe pingu, hakuna simu kwenda hospitali yoyote. Ana masikio kila wodi. Akinusa tu, anapotea, na mwezi ujao tunaanza upya na makreti mia."

"Kuna dripu moja naijua, Mjomba. Imeshatundikwa."

"Hata hiyo."

"Nimekuelewa."

Alikuwa na moyo, tusimsingizie. Ulimuuma, na yeye akauacha uendelee kuuma. Lakini aliyekuwa akiumia zaidi alikuwa kwenye kitanda fulani mbali na pale, na hakuna aliyekuwa akimhesabu.

Diski iligonga. Fundi akasimamisha. Akasubiri. Akaendelea.

Saa nne na dakika kumi na nane simu ilitetemeka tena, mara moja tu.

*Mtoto yuko hai, wa kike. Mama yake hatunaye. Njoo mwanangu.*

Shangazi aliizima simu kabisa.

"Asilimia tisini na tisa," fundi alisema, jasho linamdondoka puani. "Kidogo tu imepotea, si kitu." Akafungua nakala. Folda. Folda ndani ya folda. Jedwali.

Safu ya kwanza hospitali, ya pili namba za kreti za chupa, ya tatu wodi.

Alisoma kwa sauti, kwa furaha ya kazi iliyokubali. Kwenye mstari wa saba sauti ilikatika.

"Hii ni hospitali ya mke wangu."

Shangazi alisimama kati yake na mlango.

"Wodi ya wazazi. Dada, hizi ni nini? Ni dripu? Hizi ndizo dripu za kwenye habari? Nipe simu yangu."

"Bado."

"Nipe simu yangu!"

"Kuna mtu lazima akamatwe kwanza. Dakika tisa."

Hapo fundi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifikiria maishani mwake. Mkono wa kushoto ulichukua nyundo ndogo, ukaiinua juu ya diski. Mkono wa kulia ukafungua dirisha la kufuta nakala. Kidole kikakaa juu ya kitufe.

"Nafuta. Zote mbili. Ukinipiga risasi kidole kinaanguka, itafuta yenyewe. Nipe simu."

Alikuwa akilia, lakini kidole hakikutetemeka.

Shangazi alishusha bastola. Akaongea polepole, kama mtu wa nyumbani.

"Mkeo ametundikiwa chupa. Nani atajua ni ya kreti gani? Namba yake iko humo. Ukifuta, daktari atatoa ipi, ataacha ipi? Tuma orodha kwa anwani hii. Ndiyo njia pekee ya kumsaidia."

"Akifa je?"

"Tuma, shemeji."

Neno hilo ndilo lililomvunja. Aliweka nyundo chini, akaandika anwani aliyosomewa na Shangazi, akatuma. Kisha akapiga magoti kwenye sakafu yenye vumbi la risasi ya kulehemu, akashika pindo la suruali ya Shangazi, akambembeleza kwa dakika nane. Alimwambia jina walilokwisha kumchagulia mtoto. Alimwambia mkewe anaogopa sindano. Shangazi alitazama saa ya ukutani na hakuondoa mguu.

Redio ilikohoa.

"Pingu zimefungwa. Tunapiga simu zote ishirini na moja sasa hivi. Umeokoa watu wengi leo."

"Nimekupata."

Aliiwasha simu, akaiweka mezani mbele ya fundi.

Fundi aliisoma akiwa bado magotini. Akaisoma tena. Aliangalia saa ya ujumbe, halafu saa ya ukutani, na akahesabu. Ni mtu wa kazi za uangalifu, hakukosea hesabu.

"Nilipokuwa nakubembeleza," alisema, "ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Ulinifanya nitume kwa ajili yake."

"Ungejua, ungefuta."

Fundi alifikiri. Alifikiri kweli, kama aliyeulizwa swali la kazi yake.

"Ndiyo," alisema. "Ningefuta zote."

Shangazi aliichomoa diski, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia kwenye koti. Kwenye ujia alisimama mbele ya mama aliyekuwa akiuza makava ya simu.

"Jirani yenu amefiwa na mke. Ingieni mkamshike, na mmpeleke kwa mtoto wake. Chini ya meza kuna mtu, huyo mwacheni, watakuja kumchukua."

Mama yule alipiga ukelele. Maduka yote yaliyumba kwa watu kuinuka.

Shangazi alipita katikati yao bila kusukuma mtu, akaingia kwenye Probox yake, akafunga mkanda, akaondoka.