Herufi Yenye Pembe

Saa mbili asubuhi, pale T-Centralen, kituo kikuu cha treni za chini ya ardhi, Asifiwe alikuwa amesimama upande wa kushoto wa ngazi za umeme, simu juu, anapiga picha bango la chokoleti ya Kijerumani. Nyuma yake watu wenye makoti meusi wakaanza kuguna.

"Dada, sogea kulia," sauti ya mwanaume ikasema kwa Kiswahili. "Kushoto ni kwa wenye haraka. Hawa hawagombani, lakini watakununia mpaka Pasaka."

"Acha wanune. Unaiona herufi ile?"

"Ile B iliyovunjika mguu?"

"B ni wewe!" Asifiwe akageuka. Akakuta kijana mrefu, skafu ya rangi ya haradali shingoni, viatu vinang'aa kana kwamba theluji ya nje haimhusu. Wakacheka wote wawili. Kumbe walikuwa wanaenda mlango mmoja kule Spånga, kwenye karakana ndogo inayochora herufi za kompyuta na vitabu. Asifiwe, Mkongo wa Uvira, alikuwa na miaka mitatu pale. Gilles, Mrundi, ndiyo siku yake ya kwanza.

Sasa herufi yenyewe ni hii. Wajerumani wanayo moja inayotoa sauti ya s, wanaiandika ß. Ile ndogo ni ya zamani, haina matata. Kubwa yake, ẞ, imekubaliwa rasmi juzijuzi tu, na wachoraji bado wanaigombania. Kuna wasemao isiwepo kabisa, ziandikwe S mbili. Na wanaoikubali nao hawapatani: wengine wanataka bega lake liwe la mviringo, wengine wanataka liwe na pembe, mtu asidhani ni B.

Asifiwe alikuwa wa pembe. Miezi minane aliichora, akaifuta, akaichora tena. Na miezi hiyo minane ndiyo aliyopendana na Gilles. Yeye alikaa Akalla kwa shangazi yake Célestine, Gilles alikaa Vårby gård, mji mzima katikati yao, basi mapenzi yao mengi yalipita kwenye simu.

"Umeiona niliyokutumia?"

"Nimeiona, mama. Nimeiangalia mpaka chai imepoa."

"Usinidanganye, Gilles. Pembe si kali sana?"

"Iache hivyohivyo, chérie. Ukiigusa nitakushitaki."

Asifiwe alikuwa analala na maneno hayo kama mtu aliyefunikwa blanketi.

Jumanne moja bosi akawakusanya watu wote wa karakana, wanne pamoja naye, akabandika michoro miwili ukutani. Siku hiyo iamuliwe. Mwenye kutaka pembe anyooshe mkono. Asifiwe akanyoosha, na mzee mmoja karibu na dirisha. Mwenye kutaka mviringo? Bosi akanyoosha wake. Na Gilles akanyoosha wa kwake.

"Sababu?" bosi akauliza.

"Maandishi yakiwa madogo, pembe ile inaonekana kama uchafu kwenye karatasi," Gilles akasema, macho mezani. "Nimeiona hivyo tangu mwanzo."

Wawili kwa wawili, basi bosi akakata shauri kwa mviringo. Asifiwe hata hakusikia vizuri. Alibaki na yale maneno mawili: tangu mwanzo.

Akamsubiri kituoni, upepo unampiga.

"Ulimwogopa bosi?"

"Hapana."

"Sema ulimwogopa, Gilles. Nitakuelewa."

"Sikumwogopa. Ndivyo ninavyoiona."

"Na kwenye simu?"

"Ulikuwa na furaha. Nisingeweza kukuumiza."

"Miezi minane umeniangalia nachora kitu unachokiona uchafu!"

"Lakini nakupenda, Asifiwe."

"Hilo nalo ni la kweli, ama ni la kunifurahisha?"

Treni ikaingia, akapanda peke yake.

Simu ikalia Jumatano, akaiacha. Ikalia Alhamisi, akaiacha. Jumamosi wazee wa Gilles walikuwa waje kuposa, na shangazi Célestine alikwisha azima viti kanisani.

"We mtoto, mtu anaachwa kwa sababu ya herufi?"

"Si herufi, shangazi. Sijui tena neno lake lipi nilishike."

Ijumaa akapokea.

"Njooni. Lakini mbele ya wazee nitakuuliza kitu kimoja. Ukinijibu ukweli, hata ukiuma, mimi ni wako."

"Nitajibu. Naapa."

Jumamosi mchana sebule ya Akalla ilijaa harufu ya pilau na manukato. Mzee Protais, msemaji wa Warundi, akasimama na suti yake ya kijivu. "Tumetoka mbali, Vårby gård huko! Tumebadilisha treni, magoti yanauma, msiturudishe mikono mitupu!" Watu wakacheka. Asifiwe akaitwa, akatoka na kitenge cha zambarau, kilemba kimekaa sawasawa. Shangazi zake wakapiga vigelegele.

"Gilles," akasema, "niambie kitu kimoja kwangu usichokipenda. Kimoja tu."

Gilles akafuta paji la uso. Asifiwe akamwombea moyoni: sema basi, sema ile pembe, sema mimi mbishi, sema chochote. Akaona kinywa kinataka kufunguka. Kisha Gilles akawatazama wazee, akamtazama mama yake aliyekuwa akifuatilia kwenye simu kutoka Bujumbura, akatabasamu.

"Asifiwe hana kasoro. Toka utosini mpaka ukucha, sijaiona."

Nyumba ikalipuka vigelegele. Mzee Protais akajipiga paja. Shangazi Célestine akalia kwa furaha. Asifiwe akangoja mpaka kelele ziishe, wala hakuwa na haraka.

"Shangazi," akasema taratibu, "pakueni chakula. Wageni wametoka mbali, wale washibe. Kisha warudi na posa yao."

"Chérie..." Gilles akainuka.

"Na wewe kula," akamwambia, akaenda jikoni kuchukua sahani.