Sikio la Kushoto la Ndindi

Asubuhi moja mwaka wa 1979, Ndindi alijibu simu ambayo haikuwa imelia. Alikuwa opereta katika ofisi moja mjini, na wenzake walimtazama akisema "Haloo" mara tatu. Kulikuwa na mtu ndani ya sikio lake la kushoto.

"Anasema nini?" mumewe Maingi, dereva wa lori, alimnong'oneza jikoni kwao mtaani Mbotela, binti yao Lenah asisikie.

"Anapiga mluzi tu. Ndiye aliyekuwa sikioni mwa mama."

Maingi alijua habari za mama mkwe: masikio yalizibika, akayumba kama mlevi, akafa hawezi kuinua kidole. Kaka yake Ndindi, Kiilu, alikwenda vivyo hivyo.

Walikuwa watu wa kanisa. Lakini miguu ya Ndindi ilipokufa ganzi, Maingi alimpeleka Eastleigh kwa mzee Burale, mtoa majini. Burale alimfukiza udi, akamsomea dua kitabuni, na adhuhuri hiyo, mlango ukiwa wazi na watu wakipita nje, mdomo wa Ndindi ulifunguka, ikatoka sauti nzito ya mwanamume, taratibu, bila hasira, ikisema haikutumwa na mtu wala haikuingia kutoka popote, kwamba ilizaliwa pamoja na mama yake Ndindi, na kabla yake pamoja na mama wa mama yake, na kwamba haijui mahali pengine pa kwenda.

Burale alifunga kitabu. "Mpeleke hospitali, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu mimi simuwezi."

Daktari alikuta uvimbe kichwani, kwenye mishipa ya masikio yote mawili, na mwingine kwenye uti wa mgongo.

"Ni ugonjwa wa ukoo, si wa kawaida. Mna watoto?"

"Mmoja."

"Mlete tumpime."

Maingi aliitikia. Hakuhisi kitu, hata huzuni. Hakumpeleka Lenah mwezi huo, wala uliofuata.

Ndindi alipasuliwa. Alitembea tena, ila akawa kiziwi kabisa. Nyumba ikatulia.

Jioni moja Ndindi alikuwa amewapa mgongo akikata mboga za sukuma, na Lenah, mwenye miaka kumi, akimsimulia baba yake mambo ya shule. Maingi akasikia harufu ya nyama inayoungua. Akatazama chini. Kaa la moto lilikuwa limedondoka kutoka kwenye jiko, na Lenah alikuwa amelikanyaga kwa mguu mtupu, moshi ukipanda kando ya kisigino, huku akiendelea kutaja, mmoja mmoja, wasichana waliochaguliwa kucheza netiboli.

Maingi alipiga ukelele, akamnyakua.

Ndindi hakugeuka.

"Baba," Lenah aliuliza kwa mshangao, "kuna nini?"