Kidole cha Kuazima

Kila asubuhi, kabla sijamaliza kuvaa sare ya shule, mama alikuwa ananiita kwenye chumba cha cherehani. "Lete kidole, mwanangu." Nami nilikuwa nakipeleka bila ubishi, maana ujira wake ulikuwa kipande cha mkate chenye jemu.

Sasa usinishangae. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, na kliniki walikuwa wamemkuta na kisukari cha ujauzito. Muuguzi alimpa kimashine cha kupimia sukari na daftari, akamwambia, "Jipime kila siku, uandike. Sukari ikizidi inapita hadi kwa mtoto. Atanenepa kupita kiasi akiwa tumboni, kumzaa kutakuwa na taabu, na akishazaliwa sukari yake inaweza kushuka ghafla. Punguza vitu vitamu, tembea kila siku. Ikigoma kushuka, tutakuanzishia sindano."

Neno sindano ndilo lililoharibu mambo. Mama ni fundi cherehani, anashinda na sindano kutwa, lakini ikitajwa ya hospitali anatafuta mlango wa kutokea. Na chai yake ilikuwa ya vijiko vitano vya sukari, havipungui. Siku mbili za kwanza alijipima mwenyewe, namba zikapanda. Siku ya tatu aliniangalia kwa upole usio wa kawaida, akaniuliza kama napenda jemu.

Basi namba za kidole changu zikaandikwa kama zake, na daftari likawa safi ajabu. Nne nukta nane. Tano kamili. Nilijiona mtu muhimu kweli, na yule mdogo wangu wa tumboni sikumfikiria hata mara moja.

Jumatatu moja nilidai malipo kabla ya kazi. Nikala mkate harakaharaka, nikalamba vidole, nikanyoosha kimoja. Mama akasoma namba, akafikicha macho, akasoma tena. Kumi na tisa.

"Mungu wangu, mwanangu ana kisukari."

Siku hiyo ndipo nilipomwona mjamzito akikimbia. Alitoka na futi ya kupimia nguo shingoni na kiatu mguu mmoja, akanivuta mkono hadi kliniki.

Muuguzi alinishika mkono, akaunusa. "Kanawe kwa sabuni." Nikanawa. Akanipima: nne nukta tisa.

"Mtoto wako mzima," alimwambia mama. "Ulichopima nyumbani ni jemu. Ila nieleze, mama, mtoto wa darasa la sita alikuwa anapimwa sukari kwa sababu gani?"

Mama akatazama dari. Mimi nikatazama dari. Mimi ndiye niliyeshindwa kwanza, nikasema yote, mpaka idadi ya vipande vya mkate.

Muuguzi hakupaza sauti. Alimpima mama kwa kidole chake mwenyewe, ikatoka kumi na mbili. "Humu ndimo ninamosoma hali ya mtoto aliye tumboni," alisema, akiligusa daftari. "Wiki tatu nimesoma habari za mtoto mwingine." Mama akalia. Nami nikalia, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliogopa.

Sindano zilianza siku hiyohiyo. Mama alipiga kelele kabla hajaguswa, na alipoambiwa imeshaisha hakuamini. "Hiyo tu? Mbona yangu ya kushonea makoti inauma zaidi." Chai ikanywewa bila sukari. Jioni tulizunguka mtaa kwa miguu, mama akilalamika njia nzima.

Mdogo wangu alizaliwa mnene kidogo, lakini salama. Walimtoboa kisiginoni, wakakuta sukari yake imeshuka. Mama akaambiwa amnyonyeshe papo hapo, kisha tungoje. Saa nzima hakuna aliyetania, hata mimi. Walipompima tena ilikuwa imepanda vizuri, na mtoto akapiga yowe la hasira mpaka muuguzi akacheka.

Mama aliniwekea mtoto mapajani. "Nilidhani namkwepa nesi," aliniambia. "Kumbe niliyekuwa namdanganya ni huyu, na yeye hata kuuliza hawezi. Ukiugua, mwanangu, mwambie anayekutibu ukweli wote, hata kama unakutisha. Asipoujua, atakusaidiaje?"

Nilimkumbatia mdogo wangu, nikamwomba radhi kimyakimya.