Nani Atamsimamia Nyamweya?

Kila siku ya kuuza majani chai, Cheptoo alitoka shuleni Sosiot mbio, akajitwika kikapu cha mama yake na kwenda kwenye kituo cha kupimia majani kungoja lori la kiwanda. Jumatano moja mwaka wa 1992, lori lilikwama kwenye matope. Watu wote waliokuwa kituoni wakaenda kulisukuma. Cheptoo alibaki nyuma ya banda la kituo, akawasha moto mdogo na kuchoma hindi. Honi ilipolia, alifunika makaa kwa gunia kuukuu akakimbilia foleni. Watoto na akili zao! Kulipokucha, banda lote lilikuwa majivu.

Kabla hata kengele ya shule haijalia, lawama ilikuwa imepata mwenyewe. Ni Nyamweya, watu walisema. Nyamweya alikuwa mkulima aliyehamia kutoka Kisii miaka mingi iliyopita, jirani wa kina Cheptoo, ua kwa ua. Binti yake, Gesare, aliketi dawati moja na Cheptoo. Juzi Nyamweya alikuwa amegombana na karani wa kituo kuhusu mizani, na hilo likatosha. Kwingineko nyumba za wahamiaji zilikuwa zinachomwa, na vijana wa hapa walikuwa wanatafuta kisingizio tu. Baraza likaitishwa, likutane mchana huo. Gesare hakuja shuleni.

Asubuhi hiyo Mwalimu Rodah aliwafanyisha wanafunzi mazoezi ya mchezo wa tanzia wa Wagiriki wa kale. Aliwaambia hawawezi kuuigiza bila kujua watu wale waliishi vipi. Wananchi wa mji walikutana kilimani, wakajadiliana na kupiga kura kwa kuinua mikono. Wanawake, watumwa na wageni hawakuhesabiwa. Mgeni, hata kama alizaliwa palepale, alihitaji mwenyeji wa kumsimamia, la sivyo alikuwa amekwisha. Na michezo hiyo ilionyeshwa mbele ya mji mzima, ili watu wajionee mambo yao wenyewe.

Kipngeno, mwanafunzi mwenzao, aliuliza kwa nini mwenyeji akatae kumsimamia jirani.

"Anaogopa," mwalimu alisema, macho yakiwa dirishani. "Anayemtetea mgeni huitwa msaliti."

Tangu habari za moto zifike, Cheptoo alijua ni makaa yake. Aliogopa fimbo ya baba, aliogopa wale vijana, na zaidi ya yote aliogopa jioni ifike Gesare akiwa hana kwao.

Barazani vijana walisimama na marungu na mishale. Nyamweya alipofungua mdomo, aliambiwa akae. Mzee Chepyegon, mwenyekiti, akauliza nani atamsimamia. Hakuna mkono ulioinuka. Johana, baba yake Cheptoo, ambaye hulima kwa ng'ombe wa Nyamweya kila msimu, aliangalia viatu vyake. Kijana mmoja akasema jua lisizame Nyamweya akiwa bado hapa.

 Cheptoo, aliyekuja moja kwa moja kutoka shuleni, alipenya katikati ya watu hadi kwa baba yake, akamnong'oneza yote. Johana aliwatazama vijana wenye marungu, Cheptoo akadhani atamwambia afunge mdomo. Kisha akamshika mkono, akainuka.

"Huyu ni mtoto wangu, ana neno," alisema. "Anayetaka kumgusa aanze na mimi."

"Ni mimi," Cheptoo alisema. "Nilichoma hindi nyuma ya banda, nikafunika makaa kwa gunia. Baba Gesare hakuwako."

Vijana walipiga kelele kwamba amefundishwa. Lakini karani alikiri kwamba moto ulianzia kule nyuma, penye magunia. Chepyegon akaamua Johana na binti yake wajenge banda jipya, akafunga baraza. Vijana wakaondoka mmoja mmoja, wakinung'unika.

Jioni Johana alimpeleka Cheptoo kwa Nyamweya kuomba msamaha. Walimkuta uani, vitanda bado vimefungwa kwa kamba juu ya mkokoteni.

"Nilikukasirikia, sitakuficha," Nyamweya alimwambia Cheptoo. "Tangu asubuhi wewe ulijua, na mimi tangu asubuhi nafunga vyombo. Kosa lako liseme mapema, mwanangu, hata ukiwa unatetemeka. Ukichelewa, mwingine anafukuzwa kwa ajili yako."

Akamgeukia Johana. "Na wewe, jirani, ulijua mimi si mtu wa kuchoma. Hukuhitaji ushahidi kulijua hilo."

 Johana akapanda mkokoteni, akaanza kufungua kamba za vitanda.