Mke wa Mshale

Walikutana stendi ya mabasi, saa watu wanapotoka kazini, zipu ya begi la kijana iliponasa kwenye sweta la binti. Wakabaki wamegandana kama kupe na ngozi. Binti, mshonaji wa nguo za harusi, akatoa mkasi mkobani, akakata begi.

"Sweta nimefuma mwenyewe," akasema. "Wewe begi utanunua."

Kijana alicheka, akaomba namba ya simu. Alikuwa fundi saa, mtaani wakimwita Mshale. Mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Miezi minne hakukosea hata salamu. Mwanamume asiye na kasoro, hapo ndipo pa kushika mkoba vizuri. Tena mshonaji alikwisha kuumwa na nyoka: mpenzi wake wa kwanza alikuja kugundulika ana mke na watoto watatu. Sasa hata unyasi ulimshtua.

Jumatano moja akamsikia Mshale simuni, sauti imelainika kama mkate kwenye chai: "Jumamosi nakuja, mke wangu. Usinune."

Mshonaji akarudi kwenye cherehani. Ila gauni la watu alilishona mkono wa kulia kushoto.

Jioni Mshale mwenyewe akamwalika: Jumamosi waende mji mmoja mdogo wa kale, mwendo wa saa mbili, akaone vichochoro vya mawe. Alikubali upesi mno. Akavaa gauni jekundu na viatu bapa. Ugomvi hauendi na visigino.

Mji ulikuwa mzuri, na hilo lilimuudhi zaidi. Kuta nene, maua madirishani, ngazi zilizolika katikati kwa nyayo za waliokwisha kufa. Wageni walipiga picha. Yeye alitazama nani anamsalimu Mshale. Muuza magazeti akamwambia mkeo anakuulizia tangu asubuhi. Kinyozi akaongeza kwamba leo kazi anayo, wake wawili si mchezo. Mshale akacheka tu. Mshonaji, aliyelelewa na baba peke yake, bibi zake wote amewakuta makaburini, hakuona cha kuchekesha.

Mshale alipotaka kupiga hodi kwenye mlango wa bluu, mshonaji akasimama.

"Mimi sipigi hodi kwa mke wa mtu. Ingia, narudi stendi."

"Mke wa nani?"

"Wako. Jumatano nimekusikia kwa masikio haya."

Mlango ukafunguka kabla hajajibiwa. Alitoka kikongwe wa miaka themanini na ushei, meno mawili, gauni la maua, akamkagua mgeni toka utosini hadi kidole gumba.

"Mume wangu, ndiye huyu mke mwenzangu? Gauni zuri. Kwapani limebana."

Mshale akaeleza kwa kigugumizi: ni bibi mzaa mama, na kwao mjukuu wa kiume ndiye mume wa bibi. Mshonaji aliona aibu, lakini akili hakuiacha nje. Swali akampelekea kikongwe.

"Bibi, mwingine hana?"

"Miaka minane kila Jumamosi yuko hapa ananikata kucha za miguu. Huyo mwingine angempata saa ngapi? Mimi mwenyewe nimemchoka, anakoroma. Leo nataka talaka yangu."

Mshale akamgeukia mshonaji, jasho limemlowesha ukosi. "Nikimwacha huyu, utakubali nikuoe?"

Mshonaji akavua viatu, akaingia ndani.

"Usimwache," akasema. "Jumamosi ni zake. Siku sita zilizobaki, nikikusikia simuni unasema mke wangu, iwe umenipigia mimi."