Mteja wa Vitenge

— Lin ni nani?

Kahambu aliinua juu simu ya mpenzi wake, Kule, kama mtu aliyemkamata kuku wa jirani shambani kwake. Ujumbe ulikuwa wazi: "Nimefika Kasese. Usipige picha. Usimwambie mtu."

— Mutu wa kazi tu.

— Kazi gani inaogopa picha? Twende. Nitamuona na macho yangu.

Kahambu, Mukongo wa Butembo, aliuza vitenge soko la Bwera, upande wa pili wa mpaka. Kule, dereva wa Maliba, alimpenda kweli, ila nyumbani kwao hakuna aliyejua.

Hotelini Kasese walimkuta mama wa makamo akinusa kahawa kwenye vikombe.

— Natoka Taiwani, Lin alisema, kwa Kiswahili alichookota Nairobi. — Tunapiga kura, tuna rais. Lakini China, jirani mkubwa, anasema sisi ni mali yake. Anayetupokea hadharani anabanwa. Hapa hatuna ubalozi. Basi tunanunua kahawa, tunasomesha vijana, urafiki unaendelea kimya kimya.

Kahambu hakuridhika. Alipiga namba ya Kule palepale, aone yeye ameandikwa nani. Simu ya Kule ikalia mezani, ikaandika: "Mteja wa vitenge."

— Aah! Kumbe mimi ndiyo mteja! Jirani ya huyu mama iko na manowari. Ule unaogopa wewe iko na nini?

— Ni mama yangu, Kule alinong'ona. — Hataki Mukongo.

— Mupigie sasa. Ama tumeachana.

Kule alipiga, akaweka sauti ya nje.

— Mama, niko na mchumba. Kahambu, wa Butembo.

— Mukongo? Nyumbani kwangu? Thubutu!

Simu ikakatwa.

— Ubalozi umefungwa, Lin alisema. — Kwetu ukifungwa, tunafungua ofisi ya biashara.

Kahambu alimtazama kwa mashaka. Halafu akacheka: biashara yake ni vitenge.

Kesho yake Kule alipeleka kitenge Maliba, akataja kimetoka kwa nani. Mama alikitupa kitini.

— Amekirudisha? Kahambu aliuliza.

— Hapana.

— Basi tungoje.

Kwao Maliba, mama akivaa kanisani nguo aliyoletewa na msichana wa mwanawe, kijiji kinahesabu amempokea. Jumapili Kule alipiga kutoka uwanja wa kanisa, vigelegele nyuma yake.

— Kahambu, amekivaa!

Simu ikanyang'anywa.

— We Mukongo! Sijakukubali. Nimekubali nguo.

— Ndiyo, mama.

— Na cha kufunga kichwani kiko wapi? Usimtume huyu muoga. Lete mwenyewe.