Mtandao Uliochaguliwa Haupatikani

Enyi watu wa Kasulu, enyi watu wa Kibondo, nanyi wote mliojaliwa kujua kusoma, tulieni. Leo mimi, msimulizi nionaye yote na kusikia yote, niliye kila mahali kama hewa, nawafunulia pendo kuu ambalo milima hii haijapata kulishuhudia. Pendo hilo lilianzia kwenye duka la vocha, karibu na choo cha stendi.

Ilikuwa siku ya soko. Stendi ya Kasulu ilijaa magunia ya maharage, kuku waliofungwa miguu na vumbi jekundu. Kutoka kwenye basi la Kibondo akashuka kijana mrefu, shati lake jeupe limegeuka rangi ya tofali. Aliitwa Hilali, mzaliwa wa Tanga, mtaalamu wa maabara aliyepangiwa kazi hospitali ya Kibondo. Alikuwa amekasirika.

"Dada, nipe vocha. Halafu unieleze, ninyi mnaishije huku? Jana nimepanda kilima kutafuta mtandao, simu ikanikaribisha Burundi. Nimepiga mara moja tu, salio lote limekwenda!"

Nyuma ya kioo alikaa Zuhra, binti wa Mzee Abdalah mwenye duka. Alivaa gauni la kahawia na mtandio wa rangi ya kunde, na alikuwa anatafuna karanga bila haraka yoyote.

"Umevuka mpaka bila pasipoti na bado unalalamika? Lete hiyo simu."

Aliingia kwenye mipangilio, akatafuta sehemu ya mtandao, akaondoa ile ya simu kujichagulia yenyewe na kuifunga kwenye mtandao wa nyumbani.

"Huku kila mtu amefunga hivi. Sasa hata minara ya Burundi ikuite kwa jina, simu yako haitaitika."

"Na wewe ukiniita?"

"Nikuitie nini, daktari?"

"Mimi si daktari. Ni mtu wa maabara."

"Kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari. Haya, pisha wenzako."

Hakupisha. Na wiki iliyofuata alisafiri tena kutoka Kibondo kuja kununua vocha, ingawa Kibondo vocha zinauzwa hata na wauza nyanya.

Mwaka 2013 Hilali akapata nafasi ya kwenda kusoma India. Kikaitishwa kikao kizito kwenye benchi la dukani, wajumbe wawili, ajenda moja: watazungumzaje?

"Nikifika nitanunua laini ya kule," alisema Hilali. "Ni rahisi."

"Halafu namba yako ianze na alama ya kujumlisha? Tangu matapeli wampigie baba kumwambia ameshinda gari, akiiona alama ile anaisukuma simu chini ya mto."

"Basi intaneti. Nikuachie simu ya kupangusa, tuchati bure."

"Bure ya wapi, na kifurushi? Kwa intaneti ya hapa, ukinitumia picha yako Jumatatu kinafika kichwa. Miguu Jumatano."

Hilali alicheka mpaka akaegemea friji ya soda. "Basi naondoka na laini yangu hii hii, niombe inifanyie kazi hukohuko. Ni ghali, lakini wewe si ghali zaidi?"

Zuhra hakucheka. "Namba hiyo baba ameihifadhi mwenyewe, 'Daktari Kibondo'. Sasa nisikilize. Idi pili baba mdogo anakuja kutoka Ujiji. Piga siku hiyo, umwombe baba kwa mdomo wako. Hashimu ameshaleta watu wake kuniposa, na wameambiwa watapata jibu baada ya Idi. Usipopiga, mimi sina la kuwajibu."

"Nitapiga, roho yangu. Hata wanichome sindano."

"Mchoma sindano si ni wewe?"

Hilali alikwenda kwenye ofisi ya laini yake, wakamhakikishia kwamba itafanya kazi nje. Siku ya kuagana Zuhra aliifuta ile simu vumbi kwa ncha ya mtandio, akamkabidhi. Alifuta kioo. Mipangilio hakuikumbuka, wala Hilali hakuikumbuka.

*Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.*

Zuhra aliisikia sauti hiyo mchana wa Ramadhani, akaisikia baada ya futari, akaisikia mpaka akawa anamtangulia yule dada wa mashine kumalizia sentensi. Hapa mimi msimulizi nilikuwa nimeandaa machozi. Hayakuhitajika. Zuhra aliuza vocha na kurudisha chenji sawasawa. Futari alikula kwa sababu iliwekwa mbele yake. Alipoungua kidole akitengeneza simu ya mteja, alikitazama kama kidole cha jirani. Simu yake mwenyewe akaanza kuilaza kifudifudi.

Huko India, Hilali alikuwa anapanda juu ya paa la hosteli kutafuta mtandao, kama alivyokuwa akipanda kilima cha Kitahana kule Kibondo. Simu ikamwandikia kwamba mtandao uliochaguliwa haupatikani. Akadhani huduma bado haijafunguliwa, akasubiri. Laini ya kule mgeni hapewi mpaka chuo kimwandikie barua, na mwandishi wa barua alikuwa likizo. Akamwandikia barua pepe Tharsisi, mwenzake wa maabara Kibondo, lakini radi ilikuwa imepiga mitambo na hospitali haikuwa na intaneti.

Idi pili ikafika. Simu ya Mzee Abdalah ililala juu ya mkeka katikati ya sahani za pilau, na watu wote walikula wakiizunguka. Haikulia.

"Huyo daktari wenu vipi?" baba mdogo aliuliza.

Mzee aliitia simu mfukoni. "Zuhra, mwanangu, Hashimu si mtu mbaya."

"Ndiyo, baba."

"Niwajibu nini?"

"Utakavyoona, baba."

"Basi Ijumaa, baada ya swala, nitawajibu."

Jumatano akaingia dukani Ndihokubwayo, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, mwenye kofia ya sufi na sauti ya sokoni.

"Yoo, binti! Simu gani hii umeniuzia? Kasulu nzima, kwetu maiti!"

Zuhra aliipokea, akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao. Kidole kikasimama.

"Nani ameifunga hii?"

"Si wewe?"

"Ni mimi," alisema taratibu. "Na yeye nilimfunga mimi."

"Nani?"

"Kaa hapa. Kunywa soda. Angalia duka."

Aliondoka na kuacha duka mikononi mwa mteja, jambo ambalo Mzee Abdalah hajalisamehe hadi leo. Kibondo alimkuta Tharsisi kwenye kompyuta, intaneti imerudi juzi yake, barua pepe za Hilali zimejipanga. Zuhra hakuzisoma. Aliandika: *Ingia mipangilio, mtandao. Iache ijichagulie yenyewe. Niliyeifunga ni mimi. Kabla ya Ijumaa. Zuhra.*

"Huongezi hata salamu?" Tharsisi alishangaa. "Hata 'nimekukumbuka'?"

"Sijui kama nimemkumbuka. Tuma."

Ijumaa, Mzee Abdalah alikuwa ndiyo kwanza anavua kanzu simu ilipolia. Daktari Kibondo! Walizungumza, Mzee akiitikia "ehe, ehe" kama mtu anayepimiwa mchele. Kisha akamnyooshea binti yake simu: "Pokea. Maneno mengi huyu, salio litamwishia."

"Zuhra wangu," ilisema sauti kutoka ng'ambo ya bahari, "baba ameridhia akusikie wewe. Unanikubali?"

Hapo machozi yakamtiririka Zuhra kama Mto Malagarasi wakati wa masika, akaanguka magotini akilia, "Nakukubali, nuru ya macho yangu, nakukubali milele na..."

"We Asia!"

Samahani kidogo, wasomaji.

"Asia, nani alianguka magotini?"

Dada Zuhra amesimama nyuma yangu, na amesoma yote. Nalazimika kueleza. Mimi ni Asia, mdogo wake, kidato cha tatu, nipo nyumbani kabla ya likizo kwa sababu ya kengele ya bweni ambayo haihusiani na hadithi hii. Sioni yote. Naona kiasi kinachoruhusiwa na tundu la pazia la dukani. Ya Kibondo nimeambiwa na Tharsisi. Ya paa nimeambiwa na Hilali.

"Nilimjibu nini?" anauliza dada.

"Ulisema 'haya'."

"Basi andika hivyo."

Alisema, "Haya."

"Haya tu?" Hilali aliuliza. "Umenikasirikia?"

"Sijakasirika. Nimekuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi. Nipe muda, utarudi."

"Nitasubiri, mpenzi."

"Subiri, lakini kata simu. Ni ghali."

Akamrudishia baba simu yake, akamuuzia mteja vocha, akarudisha chenji sawasawa. Simu yake mwenyewe aliigeuza, akailaza chali.

"Na hapo hakulia mtu," anasema dada. "Andika."

Siandiki. Alilia mtu mmoja, nyuma ya pazia, mpaka mteja akauliza kama huko ndani kuna mbuzi mgonjwa. Nakiri. Nilikuwa mimi.